Barua ya wazi: Dawa za wagonjwa wa moyo zisikatike mgonjwa akirudi nyumbani

Kwa:
Waganga Wakuu wa Mikoa na Halmashauri,
Waganga Wafawidhi wa hospitali za wilaya na za rufaa za mikoa,
Wafamasia mnaoagiza dawa kwa niaba yetu,
Na ninyi mnaopanga orodha za dawa zinazolipiwa na bima.

YAH: KUKATIKA KWA ASPIRINI NA KLOPIDOGRELI KWA WAGONJWA WALIOPATA MSHTUKO WA MOYO, KIHARUSI AU KUWEKEWA STENTI

Waheshimiwa,

Salaam. Tafadhali rejeeni somo tajwa hapo juu.

Ninaandika nikiwa muuguzi mstaafu wa wodi ya watu wazima, na nikiwa ndugu wa mgonjwa. Nimeandika kwenye sanduku la maoni. Nimemwona mganga mfawidhi ofisini kwake. Nimepeleka barua halmashauri, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Kila mahali nimejibiwa kwa adabu kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nashukuru kwa adabu hiyo, lakini mgonjwa mwenye stenti changa, yaani kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi, ndani ya mshipa wa moyo hana nafasi ya kusubiri suala lifanyiwe kazi. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sitaji wilaya wala hospitali, kwa kuwa wauguzi wenzangu na wagonjwa wa mikoa mingine wananieleza hali ile ile, na nikitaja moja, nyingine zitadhani hazihusiki.

Barua hii itasomwa pia na wagonjwa na jamaa zao, kwa hiyo naanza na kazi ya dawa zenyewe. Aspirini na klopidogreli, ambazo mtaani tunaziita dawa za kulainisha damu, huzituliza chembe za damu ziitwazo chembe sahani. Chembe hizi ndizo zinazokimbilia penye jeraha na kushikamana ili damu isiendelee kutoka. Utando wa mafuta ukipasuka ndani ya mshipa wa moyo, chembe sahani hufanya kazi hiyo hiyo mahali pasipotakiwa: zinashikamana, donge linajengeka, mshipa unaziba, na sehemu ya msuli wa moyo inaanza kufa. Aspirini huzima kimeng'enya kimoja ndani ya chembe sahani, na chembe iliyozimwa haiamki tena mpaka mwisho wa uhai wake, yaani siku 7 hadi 10. Klopidogreli huziba kipokezi kingine kwenye chembe hizo hizo. Kwa sababu hiyo kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu akiacha, kila siku mwili unatoa chembe mpya ambazo hakuna kinachozizuia, na baada ya wiki moja hivi kinga yake imekwisha, wala yeye hahisi lolote.

Ushahidi wa jambo hili ni wa miaka mingi. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata mshtuko wa moyo, katika hospitali 417 za nchi 16. Nusu yao walipewa aspirini, miligramu 162.5 kwa siku kwa mwezi mmoja. Ndani ya wiki tano walikufa kwa moyo na mishipa wagonjwa 804 kati ya waliopewa aspirini, na 1,016 kati ya wasiopewa. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Tofauti ya watu zaidi ya 200 ililetwa na kidonge ambacho ni miongoni mwa vidonge vya bei ndogo kuliko vyote kwenye rafu za famasi.

Baada ya hayo, haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Mgonjwa anazibuliwa mshipa mjini, anarudi nyumbani, dawa hakuna.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika matibabu ya moyo. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianze kazi mwaka 2015, watu ambao zamani wangepelekwa India wanazibuliwa mishipa Dar es Salaam. Najivunia hilo kwa dhati. Lakini stenti ni kitu kigeni ndani ya mshipa. Mpaka utando wa ndani wa mshipa uifunike, chembe sahani zinaiona kama jeraha. Ndiyo sababu mgonjwa aliyewekewa stenti baada ya mshtuko wa moyo hupewa dawa mbili kwa pamoja, aspirini na klopidogreli au tikagrelori (dawa ya kazi ile ile na klopidogreli), kwa kawaida kwa miezi 12, kisha hubaki na moja kwa maisha yake yote. Daktari bingwa anaweza kufupisha muda huo kwa mgonjwa aliye katika hatari ya kutoka damu. Anayepaswa kuufupisha ni daktari huyo, na ukosefu wa dawa dirishani usimfanyie uamuzi.

Kaka yangu aliruhusiwa na vidonge vya mwezi mmoja na cheti kilichoandikwa vizuri kabisa. Vilipokaribia kwisha alikwenda hospitali ya wilaya. Dirishani akaambiwa aspirini ipo ya miligramu 300 tu, na klopidogreli haipo, akanunue nje. Maduka ya dawa muhimu ya mji wetu hayana. Famasi iliyokuwa nayo iko makao makuu ya mkoa, na siku aliyofika ilikuwa imewaishia. Mwishowe mpwa wetu alinunua Dar es Salaam na kutuma kwa basi. Tangu hapo tunaishi hivyo: kila mwezi kuna simu, kuna kumtafuta kondakta, kuna hofu kwamba basi likiharibika njiani siku zitapita bila dawa. Sisi tuna mtu Dar es Salaam. Wengi pale kliniki hawana.

Mwenzetu mmoja wa kliniki, mwalimu ambaye watoto wake bado wanasoma, alifariki akipelekwa hospitali kwa maumivu makali ya kifua. Hakuna aliyempima, kwa hiyo sidai kwamba nina uthibitisho kuwa stenti yake iliziba. Ninachokijua, kwa kuwa alinieleza mwenyewe, ni kwamba alikuwa amekaa majuma kadhaa bila klopidogreli, baada ya kuambiwa dirishani arudi wiki ijayo, na tena wiki ijayo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wagonjwa 2,229 waliowekewa stenti zilizopakwa dawa walifuatiliwa kwa miezi tisa. Stenti ziliziba kwa wagonjwa 29, na 13 kati yao walikufa. Jambo lililoongoza kwa kuleta hatari hiyo lilikuwa kuacha dawa hizi kabla ya wakati. Stenti inapoziba hutokea ghafla, na hospitali inayoweza kuizibua iko safari ya siku nzima kutoka kwetu.

Jiulizeni, waheshimiwa: serikali, bima na familia zimetoa mamilioni ya shilingi kuuokoa moyo wa mtu, kisha tunamwacha afe kwa kukosa kidonge.

2. Aspirini ya dozi ndogo haionekani pale inapohitajika mapema zaidi.

Mtu wa kijijini akibanwa na kifua, wa kwanza kumwona ni mganga wa zahanati au tabibu wa kituo cha afya. Nimefanya kazi miaka mingi na nimeona jinsi maumivu hayo yanavyohesabiwa kuwa vidonda vya tumbo, au kuchoka, au vichomi. Anachomwa diklofenaki ya kutuliza maumivu, anapewa dawa ya tindikali, anarudi nyumbani. Iwapo maumivu yanabana katikati ya kifua, yanapanda taya au kushuka mkono wa kushoto, na mgonjwa anatoka jasho la baridi, aspirini ya miligramu 150 hadi 300, ikitafunwa pale pale, ni huduma ambayo zahanati yoyote inaweza kuitoa kabla gari la wagonjwa halijafika, mradi mgonjwa hana mzio nayo na hatoki damu. Haihitaji umeme. Haihitaji jokofu. Inahitaji kopo liwepo na mtoa huduma awe amefundishwa.

Hapa natoa tahadhari ambayo mafunzo hayo lazima yaibebe. Kiharusi ni jambo tofauti. Mtu aliyepooza upande ghafla anaweza kuwa mshipa wake wa ubongo umeziba, au umepasuka, na kwa kumtazama kitandani huwezi kutofautisha kwa uhakika. Aspirini inamsaidia wa kwanza na inaweza kumdhuru wa pili. Huyu apelekwe haraka kwenye kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya ubongo, kwanza. Kwetu, ambako presha isiyotibiwa imeenea, viharusi vya kupasuka kwa mshipa si vichache.

Kuhusu dozi ya kila siku, miligramu 75 hadi 100 zinatosha. Kumpa mzee kidonge cha 300 akakate vipande kwa wembe jikoni, kama tulivyoambiwa sisi, ni kumwongezea hatari ya kutoka damu tumboni bila faida yoyote ya ziada.

3. Dawa zinazogombana zinatolewa pamoja.

Mgonjwa anayetumia aspirini na klopidogreli anakwenda kulalamikia magoti, anapewa diklofenaki ya wiki mbili. Hakuna anayemuuliza anameza nini kingine. Dawa tatu zote zinaelekea kwenye kutoka damu tumboni, na wazee wetu wengi wana bakteria wa vidonda vya tumbo bila kujua. Ibuprofeni nayo ina tatizo la ziada: ikimezwa kabla ya aspirini inaweza kuizuia aspirini isiishike chembe sahani, na mgonjwa akadhani amekingwa kumbe sivyo.

Kisha kuna omeprazoli. Ni dawa nzuri ya kulinda tumbo na mara nyingi ndiyo iliyopo. Lakini klopidogreli haifanyi kazi mpaka iamshwe na ini, na omeprazoli inagusa kimeng'enya kile kile kinachoiamsha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya kuzichanganya tangu mwaka 2009. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani mgonjwa anaumia kwa mchanganyiko huo, lakini pantoprazoli, nayo ya kulinda tumbo, ipo na haina ugomvi huo kwa kiwango hicho. Basi iagizwe.

La mwisho katika kundi hili linaniumiza zaidi, maana linahusu vijana. Wagonjwa wenye valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, hasa wenye mapigo yasiyo na mpangilio au valvu za chuma, wanahitaji warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, na kipimo cha INR cha kuangalia damu inaganda kwa kasi gani. Nimeona binti akipewa aspirini "kwa sasa" kwa sababu warfarini haikuwepo, na hiyo "kwa sasa" ikageuka miezi. Aspirini haichukui nafasi ya warfarini kwa mgonjwa wa namna hiyo. Donge la damu linalotokea kwenye chumba cha moyo kisha likakimbilia kwenye ubongo ni jambo jingine, na dawa yake ni nyingine.

4. Watu wanaambiwa waache dawa bila daktari wa moyo kuulizwa.

Anayeng'olewa jino anaambiwa aache aspirini wiki nzima. Anayefanyiwa upasuaji wa ngiri anaambiwa aache zote mbili, kisha hakuna anayemwambia lini aanze tena. Kwa kung'oa jino aspirini kwa kawaida haina haja ya kuachwa. Damu inazuiliwa pale pale kwenye fizi. Kwa upasuaji mkubwa, anayejua tarehe ya stenti ndiye anayepaswa kuamua. Simu moja inatosha, na simu kila mmoja wetu anayo.

Ramadhani nayo inahitaji maelezo. Huku pwani kila mwaka nakutana na wagonjwa wanaoacha dawa mwezi mzima kwa kudhani lazima zimezwe asubuhi. Aspirini na klopidogreli ni mara moja kwa siku, zinaweza kumezwa baada ya futari. Tikagrelori ni mara mbili: futari na daku. Mgonjwa aliyetoka kupata mshtuko azungumze na daktari wake kabla hajaamua kufunga. Dakika mbili za maelezo mwezi wa Shaabani, na maimamu wetu wako tayari kusaidia wakiombwa.

5. Wasiohitaji wanameza, wanaohitaji hawana.

Kuna watu wazima wenye afya zao wanaonunua aspirini na kuimeza kila siku kwa kusikia kwamba inalinda moyo. Utafiti wa ASPREE, uliochapishwa 2018 na kuhusisha wazee 19,114 wa Australia na Marekani wasio na ugonjwa wa moyo, haukuona faida hiyo, ila uliona kutoka damu kukiongezeka. Elimu hii ni wajibu wenu pia.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimekwisha kuyasikia.

Mtasema wagonjwa hawa ni wachache na dawa zitaharibika kwenye rafu. Basi waandikeni. Kila hospitali ya wilaya inaweza kuwa na daftari la wagonjwa wake wenye stenti na waliopata mshtuko, na mfamasia akaagiza kwa kuhesabu majina. Tumefanya hivyo kwa kifua kikuu na kwa virusi vya UKIMWI: mgonjwa asipotokea siku yake, mtu anampigia simu au anamfuata kijijini. Tunajua kufanya. Ni suala la kuamua kwamba na huyu wa moyo anahesabika.

Mtasema bajeti. Hakimiliki ya klopidogreli ilikwisha Marekani mwaka 2012, na leo inatengenezwa na viwanda vingi, vingi vyao vya India, kwa sehemu ndogo ya bei ya zamani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015. Aspirini sidhani kama kuna atakayethubutu kuitolea hoja ya bei.

Mtasema klopidogreli ni dawa ya ngazi ya juu, iandikwe na bingwa. Sawa, bingwa aianzishe. Lakini kuiendeleza ni kazi inayoweza kufanywa wilayani kwa cheti chake. Kumtaka mkulima asafiri mpaka Dar es Salaam kila mwezi kwa ajili ya sahihi ni kumwambia aache dawa.

Mtasema dawa hizi zinatoa damu. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote afichwe hilo. Mgonjwa aambiwe achunguze choo cheusi kama lami, apimwe damu, presha yake ishushwe. Lakini kwa mtu ambaye tayari amepata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba, hesabu iko wazi. Uchambuzi uliochapishwa 2002, uliokusanya tafiti 287, ulionyesha kwamba dawa za kundi hili hupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya mishipa kwa takriban robo.

Na mtasema wagonjwa wenyewe ni wazembe. Wako wanaoacha kwa sababu wanajisikia wamepona, au wameombewa, au wamepewa majani. Waambieni ukweli mapema na kwa lugha wanayoielewa. Ila mgonjwa aliyepanga foleni tangu alfajiri akarudishwa mikono mitupu msimwite mzembe.

Mwaka 2013 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, yetu ikiwemo, ziliridhia kwamba ifikapo 2025 angalau nusu ya wanaostahili wawe wanapata dawa na ushauri wa kuzuia mshtuko wa moyo na kiharusi. Ziliridhia pia dawa muhimu za magonjwa yasiyoambukiza zipatikane kwa asilimia 80, katika vituo vya umma na vya binafsi. Uchambuzi wa nchi 51 uliochapishwa 2023 ulikuta kwamba kati ya watu wenye historia ya ugonjwa wa moyo na mishipa, waliokuwa wakitumia aspirini walikuwa asilimia 65 katika nchi tajiri, na asilimia 24.5 tu katika kundi la kipato cha kati cha chini, ambako Benki ya Dunia imetuweka tangu 2020. Na sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Bima hiyo itapimwa na wananchi pale dirisha la dawa.

Kwa heshima, naomba yafuatayo:

(a) Mgonjwa yeyote aliyewekewa stenti au aliyepata mshtuko wa moyo asiruhusiwe bila vidonge vya angalau miezi mitatu mkononi, na bila kadi inayoonyesha tarehe ya stenti, majina ya dawa, tarehe ya kumaliza, na simu ya kliniki iliyomtibu.

(b) Hospitali yake ya wilaya ijulishwe kabla hajafika nyumbani, na jina lake liingie kwenye daftari la kuagizia dawa.

(c) Aspirini ndogo iwepo zahanati hadi hospitali ya mkoa. Klopidogreli na pantoprazoli ziwepo kila hospitali ya wilaya. Zikikosekana, hospitali izitafute yenyewe kwa jirani yake au kwa famasi yenye mkataba. Mgonjwa asitumwe kuzitafuta.

(d) Bima ilipie kuendelezwa kwa dawa hizi wilayani kwa cheti cha bingwa, na kwa miezi mitatu kila mara.

(e) Watoa huduma wa zahanati na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wafundishwe mambo mawili tu kwa kuanzia: kutambua maumivu ya kifua ya mshtuko wa moyo, na kumuuliza mteja kama anatumia dawa za kulainisha damu kabla ya kumuuzia diklofenaki au ibuprofeni.

(f) Kila hospitali ya wilaya ibandike ukutani, kila mwezi, ni siku ngapi aspirini na klopidogreli zilikosekana.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yakitaja nani atafanya nini na lini. Niko tayari kuja kwenye kikao chochote mtakachoniita, na kusaidia kuandikisha wagonjwa wa kliniki yetu bila malipo. Daftari nimekwisha kulinunua.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi mstaafu,
Mikoa ya Kusini, Tanzania